Blogu, jina na tuzo kwa dalali wa mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika kuhusu bidhaa na kulipwa kamisheni msomaji akinunua, kazi ambayo wenyewe tunaiita afilieti. Nimeyapanga maswali kwa jinsi yanavyonifikia, si kwa uzito wake. Mengine yana jibu la mistari miwili tu, nami nimeyaacha hivyo.

Afilieti ni nini hasa? Si upatu huu?

Ni udalali. Ukimpeleka mtu Kariakoo au Luthuli Avenue kununua friji, na mwenye duka akakuchomolea noti kwa kumleta mteja, umeshafanya afilieti bila intaneti. Mtandaoni kinachobadilika ni shahidi. Mwenye duka hakuoni ukiingia na mteja, kwa hiyo kiungo chako kinabeba namba yako, na mteja akikibofya kivinjari chake kinahifadhi kidakuzi kinachosema huyu kaletwa na fulani. Akinunua kabla muda haujaisha, kamisheni ni yako.

Muda huo hutofautiana sana. Amazon hutoa saa 24 tu. Mteja akiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, unaongezewa hadi siku 90 kwa bidhaa hiyo. Wengine hutoa siku 30 au zaidi. Unalipwa kwa bidhaa iliyouzwa. Anayekutaka utoe kiingilio kisha utafute watu wa kuingia chini yako, huyo ameliazima tu jina la afilieti.

Amazon ndio walioanzisha?

Hapana. Programu yao ya Associates ilianza Julai 1996. CDNow, duka la muziki la Marekani, lilikuwa na mpango wake tangu 1994, na kabla ya hapo William Tobin alikuwa ameshajaribu jambo kama hilo kwa duka lake la maua kwenye Prodigy, huduma ya mtandaoni ya enzi hizo. Amazon walichofanya ni kuifungulia mlango kila mtu mwenye tovuti, hata ya kurasa tatu.

Programu, mtandao, meneja: nani ni nani?

Programu ni ya mwenye duka. Mtandao ni kampuni inayokaa katikati, inatengeneza viungo, inahesabu mauzo, inapokea pesa kwa mwenye duka na kukulipa wewe. CJ, Rakuten na Awin ni mitandao. Meneja wa afilieti ni mtu aliyeajiriwa na mwenye duka, au na wakala wake, kutafuta madalali na kuwatunza.

Mjue meneja kwa jina, naye akujue kwa lako. Kamisheni iliyotangazwa kwenye ukurasa wa programu ni bei ya mgeni. Wanaojulikana wana bei yao, na bei hiyo haipatikani kwa kujaza fomu. Inapatikana kwa barua pepe ya mtu aliyekwisha kukusoma.

Mitandao yenyewe usiifungie ndoa. LinkShare ilinunuliwa na Rakuten mwaka 2005 na baadaye jina likafutika. Zanox na Affiliate Window ziliungana zikawa Awin mwaka 2017. ShareASale, iliyoanzishwa Chicago mwaka 2000 na kupendwa sana na wanablogu wadogo, ilinunuliwa na Awin mwaka huohuo wa 2017, na mwaka 2025 jukwaa lake likafungwa, watu wakahamishiwa Awin. Aliyekuwa na makala mia tatu zenye viungo vya zamani alijua siku hiyo kwa nini viungo vyote vinapaswa kupita kwenye anwani ya tovuti yako kwanza, ili ukibadilisha uvibadilishe mahali pamoja.

Kwa nini nisumbuke na blogu wakati watu wote wako TikTok?

Kwa sababu mtu anayeuliza "pampu ipi ya maji inafaa kisima cha mita 30" hataki kuchekeshwa. Anataka jedwali, bei, na mtu aliyeiharibu moja akaeleza ilivyoharibika. Video humfanya mtu atamani. Maandishi ndiyo anayoyarudia akiwa na pesa mkononi. Na blogu ni yako: akaunti inaweza kufungwa usiku mmoja, lakini anwani ya tovuti unayoilipia kila mwaka haifungwi kwa sababu algoriti imekunja uso.

Sitakudanganya kwamba Google ni rafiki. Februari 2011 walileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, na tovuti nyingi zilizokuwa zikiandika makala nyepesi ili tu kuweka viungo zikazama. Septemba 2023 yakaja mabadiliko mengine ya "maudhui yenye manufaa", na safari hii walizama hata baadhi ya waliokuwa wakipima bidhaa kwa mikono yao. Mei 2024 majibu ya akili mnemba yakaanza kutokea juu ya matokeo huko Marekani, msomaji akapata jibu bila kubofya chochote. Ndiyo maana blogu isiyo na orodha ya barua pepe au kundi lake la wasomaji naiona kama duka lenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo anao jirani.

Niiite blogu kwa jina langu au kwa jina la bidhaa?

Swali hili linakuja kila wiki, na watu hulifikiria siku nzima kisha wakachagua vibaya, nami nikiwamo.

Anza na lisilo na mjadala: jina la kampuni nyingine usiliweke kwenye anwani yako. Mkataba wa Amazon unakataza kutumia "amazon" au neno linalofanana nalo ndani ya anwani ya tovuti, na programu nyingi nyingine zinakataza vivyo hivyo. Watu wamefungiwa akaunti wakiwa na pesa ambazo hazijalipwa.

Jina la bidhaa moja nalo lina mtego. Blogu yangu ya kwanza ilibeba jina la aina fulani ya redio za gari. Baada ya miaka miwili redio zile hazikuwa sokoni tena, na mimi nikabaki na jina linalosikika kama mabaki ya gereji.

Jina lako mwenyewe linajenga imani haraka, lakini ni gumu kuliuza. Tazama waliofanikiwa wakubwa. Martin Lewis, mwandishi wa habari za fedha wa Uingereza, alianzisha MoneySavingExpert mwaka 2003 kwa pauni 100. Sura yake ilikuwa kila mahali, lakini jina la tovuti lilisema kazi inayofanywa. Mwaka 2012 akaiuza kwa Moneysupermarket, kampuni ya kulinganisha bei, kwa mapatano yaliyoweza kufika pauni milioni 87. Brian Kelly wa Marekani alianza kuandika kuhusu pointi za ndege mwaka 2010, akaiita The Points Guy, jina ambalo ni yeye na wakati huohuo si yeye. Miaka miwili baadaye Bankrate, kampuni ya tovuti za fedha, wakainunua. Brian Lam alianzisha The Wirecutter mwaka 2011, orodha ya vifaa bora ambayo ilipendekeza kitu kimoja au viwili badala ya ishirini, na mwaka 2016 The New York Times wakatoa zaidi ya dola milioni 30 kuichukua. Zote tatu zilipata sehemu kubwa ya mapato yake kwa kamisheni za viungo.

Ushauri wangu: jina la kazi kwenye anwani, jina lako na picha yako kwenye kila makala. Siku ya kuuza, la kwanza linakwenda na la pili linabaki kwako.

Chapa si nembo na rangi?

Nembo atakutengenezea kijana yeyote mwenye kompyuta. Chapa ni kile msomaji anachokitarajia kabla hajabofya. Kwa dalali inakuwa ngumu zaidi kuliko kwa mwenye duka, maana wahenga wameshatuhukumu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi yetu yote ni kutembeza. Msomaji anajua, na anasoma akiwa amekunja jicho moja.

Ndiyo maana kosa moja linaumiza kuliko kawaida. LendEDU ilikuwa tovuti ya Marekani ya kulinganisha mikopo ya wanafunzi, ikijitangaza kuwa mpangilio wake hauegemei upande wowote. Mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu kuwa nafasi za juu zilikuwa zikiuzwa kwa kampuni zinazolipa, na kwamba baadhi ya maoni ya kuisifu yaliandikwa na wafanyakazi na jamaa zao. Walimaliza shauri kwa dola 350,000. Kiasi hicho si kikubwa kwa kampuni ya fedha. Lakini neno "hatuegemei upande" walikuwa wamelifanya ndiyo chapa yenyewe.

Blogu ndogo haina haja ya maneno hayo makubwa. Andika kasoro moja ya kweli kwa kila bidhaa unayoisifu. Msomaji akikuta kasoro uliyomwambia, atarudi.

Nikisema wazi kwamba nalipwa, si wasomaji watakimbia?

Hawakimbii. MoneySavingExpert waliweka kinyota kwenye kila kiungo kinacholipa, na chini wakaeleza kinyota ni nini. Pale kiungo kisicholipa kilipokuwepo, kiungo hicho nacho walikiweka. Wasomaji wakazoea, na kinyota kikawa alama ya uaminifu.

Halafu si hiari. FTC waliandika miongozo ya kuwagusa wanablogu iliyoanza kutumika Desemba 2009, wakaihuisha mwaka 2023, na Oktoba 2024 ikaanza kanuni inayopiga marufuku maoni ya uongo, maoni ya kununuliwa, na tovuti za kampuni zinazojifanya mkaguzi huru wa bidhaa za kampuni hiyohiyo. Unaweza kusema hayo ni ya Marekani, wewe uko Tanga. Wasomaji wako wakiwa Houston na mwenye duka akiwa Seattle, ubishi huo utakuwa mrefu. Isitoshe, mkataba wa Amazon wenyewe unakutaka utamke.

Tamko liwe kabla ya kiungo cha kwanza, kwa Kiswahili kilekile cha makala: "Ukinunua kupitia viungo vilivyomo humu, mwenye duka ananilipa kamisheni. Bei yako haiongezeki." Kuliweka chini kabisa ya ukurasa kwa herufi za kijivu ni kulificha.

Kuna tuzo gani katika kazi hii?

Nyingi zinatoka Marekani na Uingereza, kwa sababu ndiko kazi ilikokulia. Affiliate Summit, mkutano ulioanzishwa na Missy Ward na Shawn Collins mwaka 2003, ulikuwa na Pinnacle Awards zenye vipengele vya afilieti bora, meneja bora, mwanablogu bora na gwiji wa tasnia. Uingereza wana Performance Marketing Awards, usiku wa suti na meza za kulipia, ambamo wenye maduka, mawakala, mitandao na wachapishaji (ndio sisi madalali wenye tovuti) wanashindania vipengele vingi. Mitandao nayo huwatuza watu wake. Golden Link Awards zilianzia LinkShare zikaendelea chini ya Rakuten. Wa kamari mtandaoni wana za kwao, iGB Affiliate Awards, ambazo kwa miaka mingi zilitolewa London.

Kipengele cha mwanablogu bora ndicho kinachonivutia, maana kinauliza swali tofauti. Mara nyingi hakikumtuza aliyeuza zaidi bali aliyewaandikia wenzake kuhusu kazi: aliyeeleza mkataba mpya, aliyewataja wezi wa kamisheni, aliyejibu wageni.

Nani huchagua mshindi?

Kuna njia tatu, na kila moja ina ugonjwa wake.

Kura ya umma humpa ushindi mwenye wafuasi wengi na haya chache. Utaona mtu anatuma "nipigieni kura" kila saa mpaka ndugu zake wanamzuia WhatsApp.

Majaji husoma maombi yaliyoandikwa. Hapa hushinda anayejua kuandika maombi, na mara nyingi ana wakala wa kumwandikia. Tena mara nyingi kuna ada ya kuingia, halafu ukifika fainali kuna bei ya kiti ukumbini. Hilo peke yake si utapeli: ukumbi una gharama na majaji ni watu wa tasnia. Lakini linawachuja wadogo kabla hata karatasi haijasomwa. Uliza pia kama majaji hukaa pembeni wateja wao wanapojadiliwa.

Njia ya tatu ni namba: mtandao unaangalia vitabu vyake na kumpa kikombe aliyeingiza mauzo mengi. Inaonekana ndiyo ya haki kuliko zote. Soma swali linalofuata.

Si aliyeuza zaidi ndiye bora? Namba hazidanganyi.

Namba husema ulichoziambia zihesabu. Miaka ya 2000, madalali wawili waliokuwa kileleni kabisa mwa programu ya eBay, wa kwanza na wa pili, walikuwa wakilipwa pesa za kutisha. Kampuni ya yule wa kwanza ilipokea kama dola milioni 28 za kamisheni kwa jumla. Kwa kipimo cha mauzo, hakuna mtu angewasogelea. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki. Ilikuwa hivi: vijisehemu vya programu za kompyuta walivyovigawa bure, ambavyo watu waliviweka kwenye tovuti zao, vilikuwa vikipanda kidakuzi cha eBay kwenye kivinjari cha kila aliyepita, bila yeye kubofya kitu wala kuona kitu. Mtu huyo akienda eBay mwenyewe kesho yake, jambo ambalo mamilioni walilifanya kila siku, kamisheni ilikwenda kwa dalali ambaye hakumleta. Wote wawili walikiri kosa la udanganyifu, na mwaka 2014 mmoja akahukumiwa miezi 5 jela, mwingine miezi 15.

Ni kama mtu akae mlangoni mwa Soko la Kongowea, amgonge kila apitaye muhuri mgongoni, kisha jioni adai amewaleta wote.

Kuna sura nyingine ya jambo hili ambayo haijafika jela lakini imewakera wanablogu zaidi. Karibu mifumo yote humlipa aliyebofywa mwisho. Msomaji anasoma makala yako ya maneno elfu mbili, anabofya, anafika kwenye malipo, halafu kiongezo cha kuponi kwenye kivinjari chake kinaruka na kusema "ngoja nikutafutie punguzo". Akikibofya, hata punguzo lisipopatikana, kidakuzi chako kinaweza kufutwa na cha kwao kikakaa. Desemba 2024 chaneli ya YouTube iitwayo MegaLag iliituhumu Honey, kiongezo ambacho PayPal walikinunua kwa dola bilioni 4 hivi, kwa kufanya hivyo. Kesi zikafunguliwa, na Machi 2025 Google wakabadilisha masharti ya duka la viongezo vya Chrome: kiongezo hakiruhusiwi kuingiza kiungo cha afilieti kama mtumiaji hapati faida ya moja kwa moja.

Kwa hiyo ukimwona mshindi wa "mchapishaji aliyekua zaidi", uliza alihesabiwa kwa mbofyo wa mwisho au kwa wateja wapya aliowaleta. Tuzo nzuri siku hizi huuliza wateja wapya.

Nawezaje kuandika maombi ya tuzo yakasomwa?

Nimewahi kusaidia kusoma maombi ya shindano dogo la nchini. Karatasi tisa kati ya kumi zilianza kwa kueleza mwandishi ana shauku gani. Jaji anasoma hamsini kama hizo jioni moja, chai imepoa.

Anza na tatizo la mwenye duka, si lako. "Duka hili lilikuwa likiuza majiko ya gesi Nairobi tu, sisi tulilipelekea wateja wa Kisii na Kakamega." Kisha ulifanya nini ambacho mwingine hakukifanya. Kisha namba mbili au tatu, za kabla na za baada, kwa kipindi kilekile cha mwaka. Usilinganishe Desemba na Februari, jaji ataona. Omba ruhusa ya mwenye duka kwa maandishi kabla ya kutaja mauzo yake. Barua ya meneja wa programu anayesema kwa maneno yake mwenyewe kwamba wateja wako hurudi kununua ina uzito kuliko grafu zako zote.

Na usiandike kwa kipengele kisicho chako. Watu hurusha maombi yaleyale kwenye vipengele vitano wakibadilisha kichwa cha habari. Majaji huzungumza.

Nimepata barua pepe: "Hongera, umeshinda!" Natakiwa kulipia kikombe. Nilipe?

Hukuomba, hukupendekezwa na mtu unayemjua, hakuna orodha ya majaji, na kila mtu ameshinda kitu. Usilipe. Mimi nililetewa moja mwaka niliokuwa na wasomaji wachache kuliko wageni wa arusi yetu, nikaambiwa mimi ni "chapa bora ya kidijitali barani". Bei ya kikombe ilikuwa dola mia tatu na usafirishaji juu. Nakiri nilikaa na ile barua siku mbili kabla ya kuifuta.

Tuzo huleta pesa?

Si moja kwa moja. Google haisomi kikombe. Msomaji wa kawaida hajui Pinnacle ni nini wala hana sababu ya kujua. Anayejua ni meneja wa programu, na hapo ndipo faida ilipo: barua yako inajibiwa, unapewa kamisheni ya wanaojulikana, unaletewa bidhaa ya kujaribu kabla haijatoka.

Lakini haikukingi na chochote. Aprili 2020 Amazon walipunguza kamisheni kwa tangazo la siku chache: samani zikashuka kutoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1. Hakuna aliyeulizwa ana vikombe vingapi kabatini.

Naweza kuandika kwa Kiswahili nikaishi?

Tatizo halijawahi kuwa wasomaji. Tatizo ni wenye maduka. Makala ya Kiswahili nzuri kuhusu majokofu itasomwa, lakini kiungo kimpeleke wapi msomaji wa Dodoma? Jumia walikuwa na programu ya afilieti, wakafunga duka lao la Tanzania Novemba 2019, na viungo vikawa milango ya nyumba iliyohamwa. Kenya bado wapo. Waliopata nafuu ni wanaouza visivyosafirishwa kwa boti: huduma za kuhifadhi tovuti, kozi, programu za kompyuta, tiketi na hoteli za Zanzibar kwa wageni. Wengine huandikia Waswahili walio Ughaibuni, wa Minneapolis au Muscat, ambao wana kadi na wana anwani ya posta, na wanafurahi kusoma kwa lugha ya nyumbani kuhusu kitu wanachoweza kukinunua leo.

Njia nyingine, na naiona ikikua kuliko zote, ni kumfuata mwenye duka wa mtaani mwako na kumwomba kuponi yenye jina lako. Hakuna mtandao wala kidakuzi. Mteja akitaja kuponi, unalipwa kwa M-Pesa Ijumaa. Daftari muwe nalo wote wawili.

Huku kwetu kuna tuzo za wanablogu?

Za afilieti peke yake sizioni, ila za blogu zipo. Chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, kilianza kutoa tuzo zake mwaka 2012, na vipengele hugusa teknolojia, biashara, chakula, mitindo na kadhalika. Blogu ya dalali inaweza kushindana humo ikiwa inaandika vizuri kuhusu jambo lake. Hakuna anayekuuliza unalipwa vipi. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko kipengele cha afilieti, kwa sababu unapimwa na watu wasiojua hesabu zako.

Leseni na kodi?

Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi, na afilieti imetajwa humo kwa jina. Ikikatwa na anayekulipa, dai cheti chake.

Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni, na gharama za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1, wengi wakazima blogu zao. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo, kwa hiyo bei ya leo iulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe, usiulize kundi la WhatsApp.

Nimeshinda. Nembo ya tuzo niiweke wapi?

Kwenye ukurasa wa kujitambulisha na kwenye sahihi ya barua pepe unazowaandikia mameneja. Usiiweke juu ya mapitio ya bidhaa, maana msomaji atadhani ni bidhaa iliyoshinda. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, na kwa wiki mbili alikuwa akijibu watu waliotaka kujua blenda yake imeshinda shindano gani.

Blogu fulani inajiita "mshindi wa tuzo" bila kusema ipi. Nifanyeje?

Waandikie uulize jina la tuzo, mwaka na kipengele. Aliyeshinda hujibu siku hiyohiyo, tena kwa picha. Ukijibiwa mwaka na kipengele, nenda kwenye orodha ya waandaaji uone kama walishinda au walifika fainali tu.